Jante za Kumpokelea Baba

Rumonge, tarehe 12 Januari 2025

Kwa Baba yangu mupenzi Waziri, fundi wa mashini zote za ziwa, huko Mpulungu, mwisho wa ziwa,

Amahoro, Baba. Salamu nyingi kama ndagala ndani ya wavu mwezi giza. Habari ya mwili? Mugongo je? Masikio siulizi, najua mashini za meli zimekwisha kuyaua, na mutu haulizi hali ya marehemu. Mimi niko muzima, Alhamdulilahi. Nakula, nalala, nazidi kuwa muzuri mpaka kioo cha marehemu mama kinaona haya. Shangazi Hadjara wa nyumba ya pili anakusalimu. Korola, gari yako, nayo inakusalimu, inasema umeitupa.

Sasa kaa chini. Kama uko juu ya mashini ya mutu, shuka kwanza.

Wiki jana nilipeleka abiria Bujumbura, nikapita mbele ya duka ya Barnaba, ule anayeuza vyombo vya magari. Baba, kuna jante, rimu za magurudumu! Nne. Za aluminiumu, kila moja vidole vitano, zinang'aa mpaka nikaona meno yangu ndani, hata lile bovu. Nilisimama pale kama mutu aliyeona bibi arusi wa mwenzake. Jante zetu za chuma, usikasirike, zinafanana na sufuria za matanga.

Usiseme ni utoto. Hii ni kazi. Baada ya Idi arusi zinaanza, kila Jumamosi korteji ya magari inapita barabara ya ziwa na ngoma juu. Gari yenye jante nzuri ndiyo inabeba bibi arusi na kulipwa vizuri. Gari ya jante za chuma inabeba mashangazi. Mwaka jana nilibeba mashangazi saba na sufuria ya pilau. Pilau ilimwagika kwenye kona, mpaka leo Korola inanuka bizari na mimi naitwa Djibril Pilau mutaani, karteri nzima.

Barnaba amenionyesha njia mbili. Ya kwanza, kredi: nachukua jante leo, namwachia karte rozi, ile kadi ya gari, nalipa kila Jumamosi mpaka mwaka unaisha. Bei inanenepa kidogo njiani. Ya pili, niweke pesa mpaka itimie, maana yake niingie kirimba ya Shangazi Hadjara, ile ya watu kumi, kila mwezi wote wanatoa na mumoja anabeba yote. Unabeba kwa zamu, na zamu inatoka kwa kura.

Mimi nasema kredi. Mimi ni mutu wa leo, kesho sijaonana naye. Lakini gari ni yako, ndiyo maana nauliza, mutoto muzuri namna hii utapata wapi?

Hapa nyumbani kimya iko nyingi. Jana nilipika tena ugali wa watu wawili, mukono unasahau. Nilikula wa kwanza, wa pili nikauangalia.

Jibu na meli ya simenti ikirudi. Leonidasi mupishi wa meli anabeba barua bila kuisoma, anasema hivyo yeye.

Mwanao asiye na mupinzani,
Djibril


Mpulungu, 4 Februari 2025

Mwanangu Djibril,

Salamu za baba yako. Mimi ni mzima, mgongo upo, chakula kipo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilicheka peke yangu, vijana wa gati wakadhani kiziwi sasa amerukwa na akili.

Kuhusu jante nakujibu bila kuzunguka. Usikope. Mtu wa kredi anaendesha gari la mwenzake, tena anamwekea mafuta. Ingia kirimba ya Hadjara, toa kila mwezi, zamu yako ikifika nunua jante zako mbele ya watu na usimwogope mtu. Karte rozi isitoke katika sanduku la mama yako.

Na gari si jante. Ukiweka kiganja juu ya injini asubuhi, inatetemeka vipi? Hilo hukuniambia. Mimi sasa nasikia kwa kiganja tu, na kiganja hakidanganywi na mng'aro.

Mimi pia naweka akiba, mwanangu. Nangoja mashine ya kuchomea vyuma na jenereta. Ya kwanza nimekaribia. Nikizipata zote mbili nitarudi nifungue garaji pale uani, tufanye kazi pamoja. Niliondoka baada ya mazishi ya mama yako watu wote wakinitazama. Sitaki kurudi mikono mitupu wakanitazama tena. Vumilia. Mwanaume hufika akiwa ametimia.

Ugali wa pili mpe mtoto wa jirani.

Baba yako


Rumonge, tarehe 24 Februari 2025

Baba mutimilifu,

Amahoro tena. Hujambo na kiganja chako? Sisi hatujambo. Injini inatetemeka kama mukwe mbele ya mama mukwe, ni kawaida yake. Umefurahi?

Nimekutii. Andika tarehe hii ukutani. Nimeingia kirimba. Tulikaa kwa Shangazi Hadjara, yeye akakunja vikaratasi kumi akavitia ndani ya kofia ya marehemu mume wake, tukachota. Mimi nilisema bismilahi, nikafunga macho, nikachota. Namba kumi. Wanawake wote tisa wakapiga vigelegele. Maana yake zamu yangu ni Novemba! Arusi zitakuwa zimekwisha, mabibi arusi wenyewe watakuwa na matumbo. Shangazi Hadjara akasema, "Djibril mwanangu, subira ni dawa." Nikamuambia dawa ikichelewa inapakwa kwenye kaburi. Akanipiga na ndala.

Na wewe, Baba, nimekufikiria. Usinione nimeacha shule darasa la sita ukadhani sifikiri. Wewe unaweka akiba ya kurudi. Kila mwezi unaweka kidogo. Lakini na wewe umechota namba kumi, tena kirimba yako haina mwisho: ikipatikana mashini inatakiwa jenereta, ikipatikana jenereta itatakiwa bati. Miaka minne sasa. Mimi huku ndio naishi kwa kredi, kila siku nakopa baba kwa majirani. Wa kunifundisha kunyoa ndevu alikuwa kinyozi, akanikata.

Njoo mikono mitupu. Nani atakutazama? Mimi ndiye nitakutazama, na mimi nataka kukutazama.

Ramadani inaingia hii wiki. Njoo kwa Idi, hata kama meli inakaa siku mbili. Nitatafuta samaki mukeke wa kuchoma, ule munene, na nitamulipa muuzaji kabla hajalia. Nimekwisha kufua shuka za kitanda chako.

Mwanao mwenye namba kumi,
Djibril


Mpulungu, 15 Machi 2025

Mwanangu,

Nakutakia funga njema. Barua yako imenifikia. Sikuweza kucheka safari hii.

Idi hii haitawezekana. Bwana wa karakana amenipa injini mbili za kufungua, na nikiziacha nafasi inakwenda kwa mwingine. Tuombe uzima, labda Idi ya kuchinja, au mwakani.

Nimempa Leonidasi kanzu mpya uvae siku ya sikukuu, na kitu kidogo cha nyama. Kanzu nimeichagua mwenyewe sokoni, kitambaa ni kizuri, kishike uone.

Baba yako


Rumonge, tarehe 2 Aprili 2025

Baba,

Nimepata kanzu. Imefika katikati ya miguu. Mikono imeishia hapa juu, karibu na kiwiko. Nilienda nayo kuswali Idi kwa sababu umeituma wewe, na vijana wakaniuliza kama nimeazima kwa mudogo wangu. Baba, umemununulia ule mutoto uliyemwacha kwenye gati. Ule hayuko tena. Mimi ni murefu kuliko mulango wa jikoni, naingia nikiinama.

Nyama nilikula kwa Shangazi Hadjara. Wote walikuwa na watu wao. Mimi nilichekesha mpaka watoto wakatapika soda, kisha nikarudi nyumbani nikakaa ndani ya Korola uani, kwa sababu ndani ya gari kiti cha pembeni kikiwa kitupu ni kawaida. Ndani ya nyumba siyo kawaida.

Basi sikiliza, au soma. Nimechukua jante kwa kredi. Karte rozi iko kwa Barnaba. Nimechoka kuambiwa nisubiri na mutu ambaye yeye mwenyewe hafiki. Jante zimefika siku niliyozitaka.

Usiniandikie tena mpaka uwe na siku ya kuja. Siku, siyo "labda".

Djibril


Rumonge, tarehe 18 Mei 2025

Baba yangu,

Amahoro. Mugongo je? Najua nilisema usiandike, lakini sikusema mimi nisiandike, kwa hiyo niko ndani ya sheria.

Meli mbili zimepita na Leonidasi anashuka mikono mitupu, ananionyesha viganja kama mutu anayekamatwa na polisi. Naona umenitii sana. Mbona mambo mengine hukunitii?

Wacha nikupe habari. Jante, Baba! Siku nilipozivalisha Korola karteri nzima ilitoka. Jumamosi ya kwanza nikabeba bibi arusi kutoka Gatete mpaka mujini, polepole, dirisha wazi, ngoma mbele kwenye pikapu. Watoto walikimbia pembeni wakijiangalia ndani ya jante. Hata jina limebadilika, sasa wananiita Djibril Kioo. Jumamosi ya pili nikabeba mwingine. Ya tatu nikalipa Barnaba pesa yake huku nimekunja nne, kama waziri. Siyo wewe Waziri, ule wa serikali.

Kisha esansi ikapotea.

Ilikuwa inapotea na kurudi kama mume mulevi, lakini safari hii imekwenda moja kwa moja. Stasioni za mafuta za huku zimefungwa kamba. Bidoni, dumu moja, inauzwa nyuma ya nyumba, bei yake nikiiandika hapa karatasi itaungua. Arusi sasa zinakwenda kwa miguu, bibi arusi anashika viatu mukononi. Korola iko uani wiki ya tatu, na Barnaba hajui kama kuna wiki ambazo hazina Jumamosi.

Kila asubuhi nazisugua jante na majivu na ndimu. Zinang'aa sana. Nikiinama naona sura yangu mara nne. Ndiyo watu walioko hapa nyumbani kwa sasa.

Ile barua ya Aprili, kama unaweza, soma mustari wa kanzu tu, mingine uruke. Kitambaa ni kizuri kweli. Nimekishika.

Mwanao,
Djibril


Mpulungu, 10 Juni 2025

Mwanangu Djibril,

Salamu. Leonidasi anaumwa malaria kwao Bujumbura wiki ya tatu sasa, kwa hiyo barua hii naipeleka kwa boti la mafuta ya mawese. Ya mwisho niliyopata kwako ni ile ya Aprili, ya kanzu. Nimeibeba mfukoni tangu siku hiyo. Ulisema nisiandike mpaka niwe na siku. Sikuandika.

Sasa ninayo siku. Meli ya simenti imekosa fundi, nami nimekubali kuja nayo kama fundi wake. Itafunga Rumonge tarehe 26 au 27 Juni. Inashusha simenti na kugeuza siku ileile.

Sijapata jenereta. Nina sanduku la spana tu na nguo zangu.

Nakuambia wazi ili usidhani nakutega. Ukinitaka, nitashuka na sanduku langu nibaki, na meli itafute fundi mwingine. Kama hasira haijaisha, sitakulaumu, una haki nayo. Nitarudi nayo kimya kimya bila kukusumbua. Mimi sisikii mlango ukigongwa wala jina langu likiitwa. Basi usiite. Simama tu bandarini pale ninapoweza kukuona. Nikikuona, nimejibiwa.

Baba yako


Rumonge, tarehe 19 Juni 2025

Baba! Baba! Baba!

Naandika kubwa hivi ili hata kiziwi asikie!

Ile barua yangu ya Mei kumbe inalala mufukoni mwa Leonidasi na malaria yake. Usijali. Ungeisoma ungejua hasira imekwisha kufa na imezikwa, na pilau ya matanga imeliwa. Nakutaka! Nimekutaka tangu nikiwa na urefu wa ile kanzu.

Nampa barua hii muvuvi anayekwenda mpaka Kigoma, kule ataipa boti yoyote ya Mpulungu. Kama haijakufikia kabla hujapanda, basi utanikuta mimi mwenyewe, barua ya nini?

Sikia mupango. Wewe hutatembea. Uliondoka hapa kwa miguu, sanduku kichwani, watu wanakutazama. Utarudi ndani ya gari lako, kiti cha mbele, jante nne zinawaka jua. Nitapita barabara kubwa, nitazunguka soko mara mbili, waone. Najua kutoka bandarini mpaka kwetu ni mwendo wa kutafuna muwa mumoja na usiishe. Sijali! Siku hiyo tutazunguka.

Kinachokosekana ni esansi tu. Wamesema Bujumbura kuna stasioni itapata lori wiki ijayo. Nitakwenda nikapange mustari mapema na kale katone nilikobakiza, nikijaza nageuza. Kabla simenti haijaanza kushuka niko gatini.

Shuka nimefua tena. Ugali wa pili sasa una mwenyewe.

Mwanao, mwanao, mwanao,
Djibril


Rumonge, nyumbani kwetu, 27 Juni 2025

Mwanangu Djibril,

Naandika hapa mezani, na kalamu nimeikuta kwenye kikombe cha mama yako.

Tulifunga gatini asubuhi. Nilisimama juu ya meli mahali pa wazi, nikatazama kila kijana. Wapo warefu wengi, na kila mrefu nilidhani ni wewe. Nilishuka nikawauliza vijana wa magunia. Midomo yao inakwenda haraka, sikushika neno. Mmoja alifanya hivi kwa mikono, kama mtu anayeshika usukani, kisha akanyoosha kidole kaskazini, Bujumbura. Nikaelewa kwamba umechukua gari ukaondoka.

Nilikuja nyumbani hata hivyo. Ufunguo upo palepale chini ya tofali. Kwa Hadjara pamefungwa, hakuna mtu. Nimetia mafuta bawaba za mlango, zilikuwa kavu. Nimeona kitanda changu kimetandikwa shuka safi, nikajiuliza umempangisha nani. Uani nimekuta magurudumu ya zamani yamepangwa ukutani, ya chuma, niliyoyafunga mwenyewe siku tuliyoinunua Korola. Nilikaa juu ya moja nikakungoja mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia.

Kapiteni alisema nimjulishe kabla ya gunia la mwisho. Sasa ametuma mtu kuniita.

Sina kinyongo, Djibril. Uliniambia kungoja kumekuchosha, na sasa nami nimeonja kungoja kwa siku moja. Sanduku la spana naliacha, ni zito, na huko ninazo nyingine. Ni zako.

Kiti cha jikoni kilikuwa kinayumba. Nimekikaza.

Baba yako


Rumonge, tarehe 12 Julai 2025

Baba yangu,

Amahoro. Siulizi mugongo leo, nitauona.

Nataka ujue yote, kisha ukitaka kunipiga unipige, sasa una kiti kisichoyumba cha kusimamia unifikie.

Sikukimbia. Nilikwenda kutafuta esansi ya kukupokea. Mustari ulikuwa murefu mpaka watu walifanya urafiki, wakagombana, wakapatana tena, lori la esansi halijafika. Kila saa nasema, nikiondoka sasa nitafika na jante bila tone. Ningeweza kuacha gari pale nirudi kwa basi, hata kwa baiskeli, hata kwa magoti. Sikuiacha. Nilitaka uone jante. Kutoka kwetu mpaka bandarini mutu anakwenda na ndala, na mimi nilikuwa Bujumbura natafuta esansi ya kukupeleka mwendo wa muwa mumoja.

Na kabla sijaondoka nilipita gatini, nikawaambia wale vijana: akishuka muzee fundi, muambieni nimefuata esansi, nakuja. Walikuambia. Walifanya walivyotumwa. Mimi ndiye niliyemwachia kiziwi salamu ya mudomo. Tangu Januari nakuandikia barua, siku moja iliyotakiwa kikaratasi nikatumia mudomo! Na Shangazi Hadjara alikuwa Bugarama kwa mazishi, angekuchorea hata ardhini.

Nilipata esansi tarehe 27 mchana, lita chache tu. Nilishuka barabara ya ziwa, Kabezi nilipita sijui hata kama ilikuwepo. Nikafika nyumbani, mulango ukafunguka bila kulia. Hapo nikajua. Mulango ule hauwezi kunyamaza wenyewe.

Barua nilisoma nikiwa nakimbia. Meli ilikuwa imetoka, lakini haijawa ndogo. Nikapanda Korola nikaifuata kwa barabara ya kusini, yenyewe ndani ya maji, mimi juu ya lami. Nilipiga honi, Baba. Watu walitoka mashambani kuona ni arusi gani, na mimi napiga tu, nampigia honi kiziwi. Nilipokumbuka nikawasha taa, nikazima, nikawasha. Nikajipa moyo kwamba jua liko upande wenu, litagonga jante, utaona kitu kinametameta barabarani ujiulize. Esansi yote niliyoipangia mustari iliishia pale. Gari ikasimama. Meli haikusimama.

Kama uliona kitu kinametameta siku ile, ilikuwa mimi.

Korola ilivutwa na lori la mawese mpaka nyumbani. Nilifungua jante zote nne na spana zako, nikazirudisha kwa Barnaba juu ya lori hilohilo. Aligonga moja moja na kidole, akasema, "Hizi hazijatembea sana." Nikamuambia hapana, hazijatembea. Pesa niliyolipa amebaki nayo, karte rozi imerudi ndani ya sanduku la mama. Jante za chuma nimezivalisha tena. Ile uliyokalia nilijua ni ipi, haikuwa na vumbi. Sikuipanguza.

Shangazi Hadjara alikuja kunisema. Alianza vizuri, akaishia kulia, akashikwa na aibu, akanipiga na ndala. Kisha akanipa zamu yake ya kirimba, ya mwezi huu, yeye anachukua Novemba yangu. Wanawake wote wamekubali, hakuna aliyepiga vigelegele safari hii.

Nilitaka kununua jenereta, nikuambie, Baba, imepatikana, njoo. Kisha nikaona tutaanza tena kungoja bati, pesa nikamwachia Shangazi aitunze.

Kwa hiyo barua hii Leonidasi haibebi. Amepona, anakusalimu, na amenipa nafasi jikoni kwake: nitamenya viazi mpaka Mpulungu. Naileta mwenyewe. Sina jante, sina esansi, sina kitu mukononi isipokuwa kisu cha viazi. Ufunguo wa nyumba na wa gari iko chini ya tofali. Tukirudi wawili tutaukuta, na kama unataka tukae huko kwanza, ufunguo utavumilia.

Meli ikikaribia usihangaike kusikia chochote. Simama pale ninapoweza kukuona, kutembea nitatembea mimi. Nitavaa ile kanzu. Ukiona muvulana murefu juu ya meli, miguu iko nje kama korongo na watu wanamucheka, usitafute mwingine.

Mwanao,
Djibril